Franga za Feza za Wakati wa Léopold II: Tuzichunge Pamoja na Habari Zake

Siku hizi tukisema "feza", tunawaza mara moja pesa ya kununua unga ao ya kulipa masomo ya watoto. Lakini wasomaji wa Biblia wanajua kwamba zahabu na feza ni madini. Neno hilo lilitoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ile madini nyeupe yenye kung'aa. Kumbe, kila siku sokoni tunataja madini ambayo haimo tena mifukoni mwetu.

Pesa za feza za inchi yetu zilianza mwaka wa 1887, miaka miwili kisha kuundwa kwa État Indépendant du Congo. Mfalme Léopold II alizitengenezesha huko Brussels. Zile ndogo, za santimu 1, 2, 5 na 10, zilikuwa za shaba nyekundu, zenye tundu katikati. Za feza zilikuwa za namna nne: santimu 50, franka 1, franka 2 na franka 5. Ile ya franka 5 ina uzito wa gramu 25. Upande mmoja kuna uso wa mfalme na ndevu zake; upande mwingine simba wawili wanashika ngao, na chini maneno "Travail et Progrès", ni kusema Kazi na Maendeleo. Miaka inayosomeka juu yake ni 1887, 1891, 1894 na 1896.

Sasa tuulize: kazi ya nani, na nani alilipwa? Katika vijiji vingi wazee wetu hawakuziona pesa hizo. Wao walijua mitako, ushanga, chumvi na vitambaa, na huku Katanga misalaba ya shaba. Serkali ilidai kodi kwa mpira, chakula na kazi ya mikono. Kongo ikawa koloni la Ubelgiji mwaka wa 1908, na ni sheria ya 1910 iliyoleta kodi ya pesa kwa wenyeji. Kwa hiyo neno "Kazi" liliandikwa juu ya feza ambayo wafanya kazi wengi hawakuishika hata siku moja.

Ndiyo maana franga ya 1887 ikionekana ndani ya sanduku ya nyanya, ni kitendawili. Babu alijenga njia ya reli ya Matadi mpaka Léopoldville, kati ya 1890 na 1898? Alikuwa mpagazi, mchuuzi, ao askari wa Force Publique? Vile vile kwa rupia ya Wajeremani, yenye kichwa cha Wilhelm II na kofia yenye tai. Inaweza kuwa ilivuka ziwa Tanganyika kwa biashara, ao ilirudi na askari wetu walioingia Tabora mwezi wa 9, 1916. Ni jamaa tu ndiyo inaweza kujibu.

Mtu akiiuza kwa uzito, fundi ataiyeyusha afanye pete, na jibu linapotea. Basi, ndugu msomaji, ukipata moja, fanya hivi:

Usiisugue na mchanga, majivu wala ndimu. Ule weusi ni umri wake. Ukiutoa, unakula na maandishi.

Ipime. Franka 5 yenye gramu 19 ao 20 ni ya bandia. Feza haivutwi na sumaku.

Kama ina tundu ya kuvalia shingoni, usiiziba. Wanunuzi wa mbali watashusha bei, lakini kwetu tundu hiyo inaonyesha kwamba mama fulani aliifanya pambo.

Mwisho, kamata kaye na kalamu. Andika nani aliitoa, kijiji gani, aliipata kwa nani, na walisema nini juu yake. Bei ya franga ya 1887 inapatikana katika katalogi za Ulaya. Jina la mkono ulioipokea hapa Kongo halimo humo. Liko kwa wazee wetu, na wanaendelea kupungua. Tuwaulize wangali hai.