Hundi Iliyorudi katika Ununuzi wa Nyumba: Mfano wa Njiru, Nairobi

Hundi iliyorudi ni ile ambayo benki imekataa kuilipa, ama kwa kuwa akaunti haina pesa za kutosha, au imefungwa, au mwenyewe ameagiza isilipwe. Dukani huacha deni. Kwenye ununuzi wa nyumba inaweza kumwacha muuzaji bila pesa na bila nyumba, na ndiyo maana sheria ya Kenya inampa zaidi ya njia moja ya kujiokoa.

Njiru, kando ya Barabara ya Kangundo upande wa kwenda Ruai, ni eneo la ploti zilizokatwa kutoka mashamba makubwa. Mnunuzi wa huko hawezi kulipia nyumba ya milioni kadhaa kwa hundi moja ya benki nyingine: tangu Oktoba 2009, hundi inayotoka benki moja hadi nyingine haizidi shilingi milioni 1, na zaidi ya hapo pesa hutumwa kwa RTGS, yaani mfumo wa kuhamisha pesa moja kwa moja kati ya benki. Kwa hiyo inayorudi mara nyingi ni hundi ya arubuni, ambayo kwa desturi ya mawakili ni asilimia 10 ya bei. Nyumba ya milioni 6 ina arubuni ya shilingi 600,000.

Swali linalotangulia yote ni hili: hati ziko kwa nani? Bahasha ya kukamilisha mauzo huwa na hatimiliki halisi, fomu ya uhamisho iliyotiwa sahihi, nakala za kitambulisho na PIN ya KRA, na picha za pasipoti. Ikiwa bado iko kwa wakili wa muuzaji, hasara ni ndogo. Pale ambapo mkataba umefuata Masharti ya Uuzaji ya Chama cha Mawakili (LSK), mnunuzi hupewa notisi ya siku 21 atimize wajibu wake, na akishindwa mkataba huvunjwa.

Bahasha ikishatoka, kila siku ina thamani. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 71, inamruhusu mtu anayedai haki juu ya ardhi kuomba msajili aweke tahadhari ili isihamishwe, na mahakama nayo inaweza kutoa amri ya kuzuia. Hapa ndipo Njiru ina udhaifu wake mkubwa. Ploti nyingi za pande hizo, Ruai na Mihang'o zikiwamo, zilitoka kwa kampuni za kununua ardhi kama Embakasi Ranching, na nyingine zimeuzwa kwa cheti cha hisa tu. Ploti isiyo na hatimiliki yake haina ukurasa kwenye daftari la msajili wa kuwekewa tahadhari. Muuzaji hubaki na amri ya mahakama, pamoja na barua kwa kampuni ya kuitaka isibadilishe jina kwenye daftari lake.

Pesa zenyewe hudaiwa kwa kesi ya madai. Chini ya Sheria ya Hati za Malipo, Sura ya 27, hundi ni ahadi inayoweza kushtakiwa peke yake. Mwaka 1967, katika shauri la Hassanali Issa & Co dhidi ya Jeraj Produce Store, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba mtu akikubali kuwa aliitoa hundi, ni juu yake kuonyesha kwa nini asihukumiwe kulipa. Anaweza, kwa mfano, kujitetea kwamba nyumba haikuwa ya muuzaji. Asipokuwa na utetezi wa maana, Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010, Agizo la 36, zinaruhusu hukumu ya haraka bila kusikiliza mashahidi.

Wengi hukimbilia polisi kwanza, na hilo huwapotezea muda. Kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu hundi mbovu, hutoza faini isiyozidi shilingi 50,000, kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Tena, kosa la kutoa hundi huku ukijua akaunti haina pesa za kutosha haliihusu hundi ya tarehe ya mbele, na hundi za namna hiyo ndizo wanunuzi wa nyumba hupenda kuandika. Palipo na ulaghai wa wazi, kifungu cha 313 kuhusu kujipatia mali kwa udanganyifu kina uzito zaidi, kwani kifungo chake hufika miaka 3. Kesi ya jinai na ya madai zinaweza kwenda pamoja.

Mnunuzi akiwa ameshahamia, Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 39, humruhusu muuzaji anayeuvunja mkataba kwa sababu mnunuzi ameukiuka kuirudisha nyumba mikononi mwake kwa amani au kwa amri ya mahakama. Kufunga geti kwa kufuli na kutupa fanicha nje si amani. Wakili wa mnunuzi akiwa ametoa ahadi ya kitaaluma kwamba pesa zitalipwa, Mahakama Kuu inaweza kumlazimisha yeye binafsi kuitimiza.

Kesi ngumu kuliko zote ni ile ambayo nyumba imeshauzwa tena. Kifungu cha 80 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi huipa mahakama uwezo wa kurekebisha daftari lililoandikwa kwa ulaghai, lakini humlinda mwenye hatimiliki anayeishi pale na aliyelipa thamani, isipokuwa alijua ulaghai huo au alichangia kuuleta. Akilindwa yeye, muuzaji wa kwanza hubaki kumfuata aliyeandika hundi, ambaye madai ya mkataba dhidi yake yana ukomo wa miaka 6.