Kipimo cha Kijiji Kidogo: Ujirani na Usharika katika Pwani ya Kaskazini ya Ziwa Nyasa

Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ilitaka kijiji kinachoandikishwa nchini Tanzania kiwe na kaya zisizopungua 250. Kipimo hicho kiliisaidia serikali kupanga huduma, lakini hakielezi kinachowashikamanisha wanakijiji. Hoja ya makala hii ni kwamba katika pwani ya Kyela kijiji kidogo kilijengwa juu ya ujirani wa hiari, na usharika wa Kikristo ulidumu kwa kuurithi ujirani huo.

Wanaanthropolojia Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa, nchi inayojumuisha Kyela, kati ya 1934 na 1938, walikuta vijiji vya marika. Wavulana waliondoka kwa baba zao wakajenga vibanda vyao pamoja, ingawa waliendelea kula kwa mama zao hadi walipooa. Kijiji kilikuwa cha wenzi wa umri mmoja. Ukoo ulitawanyika katika vijiji vingi. Jirani ndiye uliyekula naye, na ndiye aliyefika kwanza msibani.

Wamisionari wa Moravian na wa Berlin waliingia mwaka 1891. Wamoravian walianzia Rungwe, kisha wakateremka bondeni Ipyana. Wa Berlin walichukua upande wa mashariki, hadi Ikombe kwa Wakisi wafinyanzi, chini ya milima ya Livingstone. Katika vijiji vya Wakristo baba na mwana waliishi pamoja, na ndoa ya mke mmoja ikawa sharti. Humo mpangilio wa marika ukavunjika.

Yupo atakayesema kwamba usharika ulikuwa basi milki ya mmisionari, aliyeshika ardhi na kuweza kumfukuza mkazi. Mamlaka hayo yalikuwepo kweli. Hata hivyo, Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa wamisionari hao Wajerumani, walimu na wazee Waafrika waliendelea kuyalea makundi yao. Waskoti wa misheni ya Livingstonia walikuja baadaye kusaidia. Milki isingemudu kuishi bila mwenyewe. Kilichobaki ni watu waliozoea kukaa pamoja kwa kuchaguana.

Kwa kulinganisha, Uingereza ilipita njia nyingine. Huko mipaka ya parokia ilitangulia: aliyezaliwa ndani yake alikuwa mtu wake, akitozwa zaka hata kama hakutaka. Serikali ya kijiji ilitenganishwa na kanisa kwa sheria ya 1894. Kyela watu walitangulia, mipaka ikafuata.

Kwa hiyo kijiji chenye kaya chache kisihesabiwe kuwa pungufu. Mzee wa kanisa anajua nani mgonjwa na nani amefiwa. Daftari la ubatizo na la ndoa huhifadhi majina ambayo takwimu za wilaya huyageuza kuwa jumla. Mpango wa zahanati au barabara ya ziwani uanze kwa kuwasikiliza watu hawa, kwa kuwa wao tayari ni jumuiya kamili, wawe mia au elfu.