Vita vya Dini Katika Buganda

Mwezi wa Septemba 1888 Waislamu na Wakristo walimwondoa Kabaka Mwanga kwa shauri moja, wakamtawaza Kiwewa. Umoja huo haukufika miezi miwili. Oktoba Wakristo walifukuzwa. Na Kiwewa, alipokataa kutahiriwa, naye akaondolewa, akatawazwa Kalema.

Oktoba 1889 Mwanga akarudi na jeshi la Wakristo. Novemba Kalema akautwaa mji tena, ila Februari 1890 Waislamu wakashindwa kabisa, wakakimbilia Bunyoro. Kalema akafa kwa ndui mwaka huo huo.

Ndipo washindi wakageukiana: Mengo, tarehe 24 Januari 1892, bunduki za Maxim za Lugard zikawapa Waprotestanti ushindi juu ya Wakatoliki.

Mwaka huo Mbogo, ami yao Mwanga na Kalema, akachagua suluhu (uamuzi mzito kuliko vita), Waislamu wakapewa Butambala, Gomba na Busujju. Mwaka 1893 ikabaki Butambala peke yake.