Ngazi Zilizo Barabara: Historia ya Miteremko ya Pittsburgh

Neno "ngazi" katika Kiswahili lina maana zaidi ya moja. Ngazi ni vidato vya kupandia ghorofani. Ngazi pia ni kiwango cha mamlaka, kama tusemapo ngazi ya wilaya au ngazi ya taifa. Katika mji wa Pittsburgh, nchini Marekani, ipo maana nyingine, nayo ni ya kisheria: ngazi ni barabara. Mamia ya ngazi za mji huo yana majina katika ramani, yana vibao vya mtaa, na baadhi yana nyumba zenye milango inayofunguka juu ya vidato. Katika makala haya tutaupanda mtaa mmoja, South Side Slopes, ili tuone jambo hilo lilitokeaje na linamfundisha nini raia.

Mji uliobanwa na mito

Pittsburgh imo katika jimbo la Pennsylvania, mahali ambapo mito ya Allegheny na Monongahela hukutana na kufanya mto Ohio. Mwaka 1758 Wafaransa waliichoma ngome yao iliyokuwa kwenye makutano hayo, wakaondoka mbele ya jeshi la Waingereza. Jenerali John Forbes akapaita mahali hapo kwa jina la William Pitt, kiongozi wa serikali ya Uingereza wakati huo. Vilima vya pale vilikuwa na makaa ya mawe, na mito ilibeba mizigo kwa urahisi. Kwa sababu hizo, karne ya 19 ilipofika mwisho, mji ulikuwa umekuwa kitovu cha utengenezaji wa chuma cha pua.

Hata hivyo, ardhi tambarare ilikuwa haba. Ukanda mwembamba kando ya maji ulitwaliwa na viwanda na reli. Upande wa kusini wa Monongahela, kampuni ya Jones & Laughlin ilisimamisha tanuri zake. Wahamiaji waliokuja kufanya kazi humo, Wajerumani kwanza, kisha Wapoland, Waslovakia, Walithuania na wengineo, walijaza nyumba za tambarare hadi nafasi ikakosekana. Waliobaki wakapanda mlimani.

Njia isiyodai nauli

Mfanyakazi wa chuma hakuwa na gari. Kwa wengi zamu ilikuwa ya saa 12 kwa siku, na utaratibu huo haukukomeshwa katika kampuni kubwa kuliko zote, U.S. Steel, hadi mwaka 1923. Kulipopambazuka aliteremka kwenda kwenye moto wa tanuri. Jioni, akiwa hana nguvu, aliupanda mlima kurudi kwa wanawe. Katika mlima jirani wa Mount Washington kulikuwa na mabehewa yaliyovutwa kwa kamba za chuma: Monongahela Incline, iliyofunguliwa mwaka 1870, na Duquesne Incline ya mwaka 1877. Yote mawili yangalipo hata leo. Lakini behewa lilitaka nauli kila siku, ilhali ngazi haikumdai mtu senti.

Ngazi za kwanza zilikuwa za mbao, nazo zilioza kwa mvua na theluji. Baadaye mji ulizibadilisha kwa zege na mabomba ya chuma ya kushikilia. Wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, serikali kuu iliwaajiri watu wasio na kazi katika ujenzi wa umma, zikiwemo ngazi hizi.

Je, ngazi iligeukaje kuwa barabara? Wapima ardhi walichora mitaa kwa mistari iliyonyooka, wala karatasi haina mteremko. Pale mstari ulipokutana na genge ambalo gari lisingeweza kulipanda, mji ulijenga vidato juu ya mstari uleule, na mtaa ukahifadhi jina lake.

Kupanda kwa miguu

Anayetaka kuielewa historia hii na aanzie East Carson Street, barabara kuu ya tambarare. Akielekea kusini atavuka njia ya reli, na mara ardhi itaanza kuinuka. Juu ya Pius Street linaonekana jengo la lililokuwa Kanisa la St. Michael, lililojengwa na Wakatoliki wa asili ya Ujerumani. Karibu na hapo ipo Yard Way. Kibao chake ni kama cha mtaa wowote, lakini nyuma yake hakuna lami: kuna vidato vinavyopanda kati ya nyumba. Mkazi wa mahali kama hapo hubeba mkate, unga, kitanda na mgonjwa kwa mikono.

Mpandaji akipumzika na kugeuka nyuma, ataona mapaa ya nyumba, kisha mto, na kati yake ule ukanda uliokuwa wa viwanda. Umbali anaouona ndio ambao miguu ya mfanyakazi iliulipia kila siku.

Nani atunze?

Mtafiti mmoja, Bob Regan, alizizungukia ngazi za Pittsburgh na kuzihesabu. Katika kitabu alichokitoa mwaka 2004 alionyesha kwamba zilikuwa zaidi ya 700, zenye vidato zaidi ya 44,000. Ukijumlisha mpando wake wote unapata zaidi ya mita 7,000, ilhali Kilimanjaro ina mita 5,895.

Urithi huo ni mzito. Mwaka 1950 mji ulikuwa na watu 676,806. Mwaka 2020 walikuwa 302,971. Tanuri za South Side zilizimwa katika miaka ya 1980, na leo mahali pake pana maduka na makazi. Walipa kodi walipungua kuliko nusu, bali mlima haukupungua hata kidato kimoja. Zege likamomonyoka, chuma kikashika kutu, magugu yakafunika, na baadhi ya ngazi zikafungwa.

Kwa mgeni, ngazi iliyofungwa ni mandhari iliyopotea. Kwa mzee asiye na gari, ni barabara iliyokatwa kati yake na kituo cha basi. Mwaka 2017 mji ulitoa mpango wa ngazi wa kuamua zipi zitengenezwe kwanza, na miongoni mwa mambo yaliyopimwa ni mahitaji ya watu na njia ya kuvifikia vyombo vya usafiri wa umma. Wakazi wa South Side Slopes nao huandaa matembezi ya kila mwaka yaitwayo StepTrek, ili watu wazipande ngazi hizo wasije wakazisahau.

Nionavyo, vigezo hivyo ni vya haki. Ngazi nzuri ya kupigwa picha haistahili kuitangulia ngazi chakavu ambayo ndiyo njia pekee ya familia. Ninyi mnaoishi Kigali, Kampala au Bukavu mnajua kwamba wengi huupanda mlima kwa miguu. Anayetembea ni raia sawa na anayeendesha gari, na njia yake ni mali ya umma sawa na lami. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kutafakari

1. Kwa nini wafanyakazi wa Pittsburgh walijenga nyumba zao mlimani?
2. Eleza tofauti kati ya ngazi na behewa la kamba kwa mtu maskini.
3. Katika mtaa wako, ni njia ipi ya waendao kwa miguu ambayo ikifungwa itawakata watu na huduma? Ni nani mwenye wajibu wa kuitunza?