Kuinuka na Kuanguka kwa Dola ya Kilwa Kisiwani, 1770–1785: Mtazamo wa Bara

Historia ya Kilwa mara nyingi husimuliwa kana kwamba ilikoma mwaka 1505, Wareno walipouteka mji. Hata hivyo, masultani waliojinasibu na Washirazi waliendelea kuwapo kisiwani, na karibu na mwaka 1770 waliwafukuza Waomani waliokuwa wakiutawala mji. Mwaka 1785 Waomani walirejea. Makala hii inajadili sababu za uhuru huo kudumu kwa takribani miaka 15 tu.

Ushahidi mkuu ni mkataba wa tarehe 14 Septemba 1776 kati ya Sultani Hasan bin Ibrahim na mfanyabiashara Mfaransa, Morice. Sultani aliahidi kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka kwa piasta 20 kila mmoja, naye apewe piasta 2 kwa kila kichwa. Idadi hiyo ingetimia, hazina ingepata piasta 2,000 kwa mwaka. Morice alipewa pia ngome ya kuweka mizinga na bendera yake, na pande mbili ziliahidiana kusaidiana vitani. Mkataba ulikusudiwa kudumu miaka 100.

Mkataba huu unaweza kusomwa kama tendo la mtawala huru anayetafuta mshirika dhidi ya Oman. Usomaji huo una ukweli, lakini haujakamilika. Ukitazamwa kutoka bara, kuanzia vilima vya Umatumbi na Kipatimu hadi njia za misafara ya Ziwa Nyasa, unaonesha kwamba gharama ya uhuru wa kisiwa ilibebwa na watu wasiokuwa na sauti katika makubaliano hayo. Walisafirishwa kwenda kwenye mashamba ya visiwa vinavyoitwa leo Mauritius na Réunion.

Hapo ndipo ulipokuwa udhaifu wa dola. Sultani alimiliki bandari, lakini hakuwa na utawala imara bara ambako angepata askari na kodi. Ulinzi wake ulitegemea mnunuzi, na serikali ya Ufaransa haikuufanya mpango wa Morice kuwa wake. Katika ulimwengu wa Kiyunani, ufalme wa Lysimachus, mmoja wa warithi wa Alexander, ulisambaratika alipouawa vitani mwaka 281 KK. Kilwa ilikuwa tofauti: mtawala alibaki na cheo, ila forodha na ngome zikawa chini ya Waomani.

Kwa hiyo, anguko la 1785 halikuwa ukombozi kwa watu wa bara. Katika karne ya 19 biashara ileile ilihamia Kilwa Kivinje na kukua zaidi. Tukipima dola hii kwa uhuru wa sultani peke yake, tutaandika historia ya nusu ya watu wake. Kipimo kinachofaa ni kuuliza pia nani aliuzwa ili uhuru huo upatikane.