MFUATANO WA BAFA: NENO MOJA, TARATIBU MBILI

Mtu yeyote aliyepata kufanya kazi katika masjala anajua kwamba jalada lina mahali pawili. Kabatini hukaa kwa nambari yake, wala nambari hiyo haibadiliki hata jalada likisomwa kila siku. Mezani kwa afisa, jalada lililoshikwa punde ndilo hukaa juu ya mengine. Tarishi akiagizwa alete “jalada lililotangulia” hana budi kuuliza: “Lipi, mzee? Lililotangulia kwa nambari, au lile ulilokuwa nalo kabla ya hili?” Swali hilo ndilo lililowasumbua waundaji wa programu za kuhariria matini kwa miaka mingi, na mfasiri wa Kiswahili asipolijua atairithi fujo yake.

Bafa ni sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta ambamo matini huwekwa wakati wa kuhaririwa. Faili lenyewe hubaki katika diski. Kinachohaririwa ni nakala iliyomo ndani ya bafa, mpaka itolewe amri ya kuhifadhi. Programu ya vi, ambayo Bill Joy aliianza mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilihariri faili moja tu kwa wakati. Mtumiaji aliyataja majina ya mafaili mwanzoni mwa kazi, na amri ya kwenda mbele ilikuwa na maana moja: lile lililoandikwa baada ya hili. Hapakuwa na utata.

Mwaka huohuo wa 1976, katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, ilizaliwa Emacs, ambayo Richard Stallman alikuja kuiandika upya kwa jina la GNU Emacs na kuitoa mwaka 1985. Humo bafa nyingi hukaa wazi pamoja, na orodha yake hufuata utaratibu wa mezani: bafa iliyochaguliwa hupanda juu, na ile isiyotakiwa “huzikwa”, yaani hupelekwa mwisho wa orodha. Vim, iliyotolewa na Mholanzi Bram Moolenaar mwaka 1991, ilikuja kufuata utaratibu wa kabatini. Kila bafa hupewa nambari isiyobadilika muda wote programu iwapo wazi. Amri za bnext na bprevious hufuata nambari hizo, na zikifika ukingoni huzunguka na kuanza tena.

Kila utaratibu una mtego wake. Mtumiaji wa Vim aliyetoka bafa ya 2 akaingia ya 9, akitoa amri ya bprevious akidhani atarudi alikotoka, hujikuta katika ya 8. Utaratibu wa mezani nao hujivuruga wenyewe, kwa kuwa kila bafa inayotembelewa hupanda juu. Mtu akiomba mara mbili iliyotumika kabla ya hii, hutoka ya kwanza hadi ya pili, kisha hurudi ya kwanza. Ya tatu haifikii kamwe.

Tiba ilipatikana kwa kuzitenga dhana hizo mbili. Vim, mbali na nambari, huikumbuka bafa iliyoachwa punde kwa alama ya #, desturi iliyorithiwa kutoka vi. Emacs toleo la 22, la mwaka 2007, ilipata amri za kusogea mbele na nyuma. Toleo la 24, la mwaka 2012, likalipa kila dirisha kumbukumbu yake ya bafa lililozionyesha, hata kurudi nyuma kukawa hakuipotezi njia ya kwenda mbele. Hakuna aliyeamua kwamba utaratibu mmoja ni sahihi na mwingine ni kosa. Kilichoamuliwa ni kwamba ni mambo mawili.

Kwa Kiingereza neno moja hubeba yote mawili. Je, nasi tulazimike? Twasema “sura iliyotangulia” bila shida, kwa sababu msomaji wa kitabu huipita sura kwa nambari na kwa wakati pamoja. Katika bafa mambo hayo huachana, lakini sarufi yetu ina dawa. Kirejeshi kisicho na wakati chaonyesha hali ya kudumu. Basi “bafa itanguliayo” na “bafa ifuatayo” yafaa kwa mpangilio wa nambari. Kwa mpangilio wa matumizi tuseme “bafa iliyoachwa punde”, ambapo kiambishi cha wakati uliopita chafanya kazi yake halali, na kitendo chake kiwe “kurejea”.

Karani mwenye rasimu tatu za barua moja, akielekezwa na menyu yenye neno tata, ataweza kuisahihisha rasimu isiyokusudiwa na kuihifadhi bila kujua. Kwa hiyo mfasiri, kabla ya kufungua kamusi, aitoe kwanza amri yenyewe aone inampeleka wapi.