Vibao vya Mara: nani kaandikwa, nani kaachwa

Boom bado, madesa yamejaa mezani, lakini leo habari za Mlimani nazipumzisha niongelee nyumbani, Mara. Jamaa wa chumba cha pili kaniuliza eti kwetu kuna nini cha kihistoria zaidi ya kaburi la Mwalimu. Swali zuri, sema jibu lake refu, ndo maana naliweka hapa.

Tuanze na hicho anachokijua. Ukitoka Mwanza na basi unapita Bunda, mbele kuna Makutano, pale njia ya Butiama inachepuka. Makumbusho ya Mwalimu yako hapo Butiama, yalifunguliwa 1999, mwaka uleule aliofariki kule London, tarehe 14 Oktoba. Alizikwa tarehe 23, pale Mwitongo, walipolala pia wazazi wake: Chifu Burito Nyerere, aliyefariki 1942, na Bi. Mgaya, aliyefariki 1997. Nyumba aliyojengewa na jeshi nayo iko hapohapo. Ukishuka Musoma mjini kuna Shule ya Msingi Mwisenge, alikoanza darasa la kwanza 1934 akiwa na miaka 12. Nje kidogo ya mji kuna misheni ya Nyegina, alikobatizwa 1943.

Mmeona mambo? Kumbukumbu zetu zenye ukuta na geti, karibu zote zinamhusu mtu mmoja. Sina ugomvi na hilo, anastahili. Ila ukiangalia vibao vya njia nzima ya Bunda mpaka Musoma, utasoma shule, zahanati, kanisa, gesti, mradi wa maji wenye jina la mfadhili kwa herufi kubwa. Mgeni anaweza kudhani kabla ya 1922, alipozaliwa Mwalimu, huku hakukuwa na watu.

Walikuwepo bwana. Upande wa Ikizu, mashariki ya hiyo barabara, kuna mlima Chamuriho, unaobeba jina la Muriho, mmoja wa wahenga wa Waikizu. Na utemi wa Ikizu, kwa simulizi za wazee, ulianza na mwanamke: Nyakinywa, mleta mvua aliyetoka Kanadi, Usukumani. Akina dada mnaosoma hapa, mmesikia? Mtemi wa kwanza mwanamke, na hana hata kibao cha bati. Mwanahistoria Mmarekani, Jan Bender Shetler, ndiye aliyezikusanya historia za wazee wa Mara na kuzitoa kitabuni 2003, kisha 2007 akaandika kingine kuhusu jinsi watu wa Serengeti ya magharibi wanavyoitunza kumbukumbu yao kwenye milima, mito na mahame. Yaani kwa wazee wetu mlima wenyewe ndo kibao. Kazi yako ni kumpata mtu wa kukusomea.

Na hapo kwenye mahame ndo pananigusa. Hilo jina Mwitongo linatokana na itongo, neno la Kizanaki lenye maana ya mahame, mahali walipoishi watu wakahama. Jina lilikuwa linatunza historia kabla ya jiwe lolote kuwekwa. Sasa fikirieni Operesheni Vijiji, 1974. Familia zilihamishwa kwenda vijiji vipya, nyingine kwa hiari, nyingine kwa amri. Mara nzima ikajaa matongo. Ukipita porini unakuta ua wa minyaa bila nyumba, jiwe la kusagia, makaburi ya mababu yaliyomezwa na majani. Sera ile ilikuwa ya Mwalimu. Yeye amelala kwenye itongo linalotembelewa na mabasi ya wanafunzi, wakati matongo ya sera yake hayana hata anayeyataja.

Simsemi vibaya mzee wa watu. Nasema hizi ni historia mbili za mkoa mmoja na zote zinahitaji kuandikwa. Tofauti ni kwamba ya kwanza ina wizara nyuma yake, ya pili iko kichwani mwa wazee. Mtu aliyekuwa na miaka 30 mwaka 1974, leo kapita 80. Makumbusho yanaweza kusubiri bajeti, babu hawezi.

Kwa hiyo wadau wa Mara, na wa kwingineko pia maana vijiji vilihamishwa nchi nzima, likizo hii msikae tu kwenye TV. Chukua daftari, mfuate babu au bibi, mwombe akupeleke kwenye itongo lenu. Muulize nani alikaa hapo, walihama lini, nani aliwahamisha, kaburi hili la nani. Andika majina yote. Kibao cha mbao na rangi haviwezi kuishinda hela ya boom, hata hili linalochelewa.